Ukurasa Niliouvuta

Shemeji yangu Wilibrodi hakuwa fundi wa kusomea. Wamisionari walimpa kazi ya kubeba spana, na baadaye akagundua kwamba anajua kuzitumia pia. Sifa yake ilikuwa kijitabu kimoja, kidogo kama kipande cha sabuni, chenye vipimo vya kila injini. Alikiweka kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo. Ukimsalimu, anakigusa kwanza ndipo aitikie. Mkewe Emerensiana, ambaye ni dada yangu, alimwambia siku moja kwamba uji unapoa. Akafungua kitabu kutazama maji huganda lini.

Basi tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, juu ya mteremko wa kwenda Muze, tukaletewa mashine ya kusaga. Nani apewe kama si mwenye kitabu? Mimi niliyefika darasa la nne, tena kwa akili zangu mwenyewe, nikapewa ng'ombe wa kijiji.

Mwaka wa pili aliifungua injini kuitoa masizi. Akairudisha yote, ikabaki kupima nafasi ya valvu. Akafungua kitabu: ukurasa haupo. Ilikuwa Ijumaa. Jumamosi bwana wa wilaya anakuja, na mwenyekiti alishatangaza kwamba mashine isiyosaga itapelekwa kijiji kingine, na fundi atarudi kwenye jembe. Akina mama walikwisha kuyatoa mawe yao ya kusagia ulezi, wakimpita bila kumsalimu.

Sasa niseme kweli. Karatasi za kitabu kile zilikuwa nyembamba, laini, na tumbaku yangu ilikuwa haina nguo. Kila siku ya kufua shati, kitabu kilibaki dirishani, nami nikachomoa moja. Lakini mimi si mshenzi: sikuwasha ukurasa kabla ya kuusoma mbele na nyuma. Ndiyo sekondari yangu.

Nikamwendea, nikamwambia achukue kibati cha kupimia nafasi ya valvu, kile cha kumi na saba. Yaani inchi ikatwe vipande elfu moja, wewe uchukue kumi na saba. Nani aliyeikata, na kwa kisu gani, kitabu hakikusema.

“Umejuaje?”

“Niliusoma.”

“Uko wapi?”

Nikapuliza moshi kidogo, aone njia uliyopitia.

Nilidhani atanipiga spana. Alifanya baya zaidi: hakuniamini. “Shemeji, kitabu hakinywi pombe. Wewe unakunywa.” Akakaa juu ya gunia, mikono magotini, kama mfiwa. Hapo nikaona aibu, kitu nisichokizoea.

Emerensiana akaleta penseli, akatugeukia mimi na mumewe. “Kaka, taja. Baba Silvana, andika.”

Akaandika ndani ya jalada. Dada akakifunga, akakitia mfukoni mwa mumewe, akamwambia aende mpaka mlangoni arudi. Akaenda, akarudi. Akagusa mfuko, akakitoa, akafungua, akasoma polepole kama hajawahi kuyaona maandishi yale.

“Kumi na saba,” akasema. “Imeandikwa.”

Injini ikawaka kwa mzungusho wa tatu. Kesho yake bwana wa wilaya aliondoka na unga mabegani, mashine ikabaki.

Tangu hapo kila Jumapili baada ya misa nilikaa kwao, nikilishwa kuku, nikitaja kurasa zilizopotea, shemeji akiandika. Nane nilizitaja bila kigugumizi. Wa tisa, wa boliti za bomba la moshi, ulikataa. Tumbaku ya siku ile ilikuwa kali mno. Bomba lile limefungwa kwa kamba mpaka leo.