Kuiwahi Buluu

Mdogo wangu wa kike anatengeneza chembe za madini ya fedha, kisha anazivika dhahabu. Chembe zenyewe ni ndogo mno, hazionekani kwa macho. Unachoona ni rangi ya maji zinamoelea. Fedha ikiwa tupu, maji ni ya manjano. Anapodondosha dhahabu iliyoyeyushwa kwenye tindikali, yanageuka rangi ya chungwa, halafu mekundu, zambarau, mwisho buluu. Akizidisha, rangi inakufa, yanabaki ya kijivu na kumwagwa.

Maabara ilimchukua kwa muda wa majaribio. Bosi wake, mama wa maneno machache, alitaka buluu ya kutia kwenye vipimo vya homa. Kila mdogo wangu alipoipata, alienda kunywa chai, na akirudi anakuta kijivu. Siku hiyo ilikuwa ya mwisho: buluu ikae, au kazi aiage.

Mimi nilimpelekea miwani aliyoisahau. Nilitaka kuiacha mlangoni, akaivaa na kunivuta ndani.

"Kaka, kaa hapo. Usiguse kitu, hata ukuta."

Akadondosha dhahabu taratibu kwa kidondoshi. Maji yalipofika zambarau, akaacha. Bosi akainama kutazama.

"Mimi nilisema zambarau?"

"Hapana, mama. Ila rangi inaendelea yenyewe hata nikiacha. Jana niliingoja buluu ndipo niache, nikawa nimechelewa."

Mwenzake wa meza ya pili akacheka. "Ongeza moja tu, bibie! Unaogopa kama unamtia mtoto dawa ya macho."

"Wewe osha chupa zako."

Bosi akanigeukia. "Na wewe, kaka mtu, unaona rangi gani?"

Nikatazama viatu vyangu. "Ya... katikati, mama."

"Hakimu huyo!" akasema yule wa chupa.

Mkono wa mdogo wangu ulikwenda kwenye kile kidondoshi, ukasita. Akautia mfukoni kabisa. Polepole wekundu ukapungua ndani ya chupa, maji yakawa buluu. Hakuna aliyeshangilia.

"Twendeni chai," bosi akasema.

Tulikunywa, mdogo wangu alikoroga tu kikombe chake mpaka kikapoa. Tuliporudi, chupa ilikuwa buluu vilevile. Bosi akaiweka kwenye mashine ya kupimia mwanga, akasoma, akazima.

"Kesho njoo na picha mbili za kitambulisho cha kazi," akamwambia. "Na usivae miwani kwenye picha."