Hodi ya Saa Kumi

Jumamosi iliyopita mashine yangu ya kufulia ilianza kugonga. Ni ile ya kufungulia juu, nimeiweka kibarazani nyuma ya nyumba hapa Kibaha, na huwa naitunza. Kila mwezi nasafisha mfuko wa kunasa nyuzi, nasafisha na kile kichujio kidogo cha nyuma kinachojaa mchanga wa bomba, kisha naizungusha tupu kwa maji ya moto na siki. Kwa hiyo ilipogonga mara tatu katikati ya kukamua na kusimama, sikumwita fundi. Nilifungua mfuniko nikakuta shuka limejiviringa upande mmoja. Nikalitandaza, kisha nikaitikisa mashine kwa pembe zake kutafuta mguu usiokanyaga chini. Kazi ya dakika kumi, na ikatulia.

Nilipomaliza ndipo nilipogundua kwamba nimevuta kanga hadi kichwani. Nyumbani kwangu mwenyewe, mchana, bila mgeni. Ngoja nikueleze, maana sijawahi kumweleza mtu.

Nilikuwa na miaka kumi na moja, na likizo zangu zote nilizimalizia kwa Bibi, Masaki. Nasema Masaki ya Kisarawe, ya mihogo na mikorosho, siyo ile ya Dar. Asubuhi tulikula muhogo wa kuchemsha na chai ya mchaichai. Mchana uani kulinuka moshi wa maganda ya korosho, ule unaowasha macho na kung'ang'ania nywele. Na saa kumi, baada ya kuswali Alasiri, Babu alirudi kutoka msikitini.

Babu hakuingia nyumbani kwake bila hodi. Uani palikuwa na wanawake kila wakati, wakikuna nazi au kusukana, kanga zimeshuka mabegani. Basi alisimama nje ya ua na kugonga mlango wa bati kwa bakora, mara tatu. Akasubiri. Akagonga tena mara tatu. Wanawake walijifunika, wakakunja miguu kumwachia njia, Bibi akasema, "Karibu," ndipo akaingia bila kumtazama mtu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila siku niliyokaa pale.

Babu alipofariki, Baba aliipeleka Masaki mashine yetu ya zamani ili isaidie kufua wakati wa msiba. Umeme ulikuwepo, bomba hakuna. Uzuri wa mashine ya kufungulia juu ni kwamba unaweza kuijaza kwa ndoo. Tuliisimamisha karibu na mlango wa jikoni, juu ya sakafu ya saruji iliyopasuka, na mpira wa maji machafu tukauelekeza kwenye migomba.

Siku moja kabla ya arobaini zilifuliwa nguo za Babu, kanzu tatu na vikoi, zigawiwe kwa ndugu kama ilivyo desturi. Uani tulikuwa wanawake saba. Bibi alikuwa kwenye eda, amekaa ndani karibu na mlango, amevaa nyeupe. Maji yakatoka, pipa likaanza kuzunguka ili likamue, kisha likagonga ubavu wa mashine.

Mara tatu. Kimya. Mara tatu tena.

Wote saba tukavuta kanga vichwani. Jirani, rafiki wa Bibi tangu usichana wao, alikunja miguu kumwachia mtu njia. Hakuna aliyefikiri, miili ilifanya yenyewe. Kisha tukatazamana. Jua lilikuwa upande wa mikorosho. Ilikuwa saa kumi.

"Baba huyo," alisema shangazi, akijaribu kucheka. "Hataki kanzu zake ziguswe."

"Koma, wifi. Utani gani huo," mwingine akamjibu.

Ndani, Bibi akasema kwa sauti yake ya siku zote, "Karibu."

Nguo hazikugawiwa. Kesho yake Bibi alisema hazijatakata. Keshokutwa akasema bado zina harufu ya dawa. Baada ya hapo hakutoa sababu. Kila siku baada ya Alasiri alitia kanzu moja ya Babu kwenye mashine, akakaa kwenye kigoda, na mashine ikipiga hodi, akaitikia. Mimi aliniita mke mwenza, kama bibi wengi wanavyowatania wajukuu wao wa kike. "Mke mwenza," alikuwa akiniambia, "umemsikia mumeo? Leo kachelewa." Kabla ya msiba utani huo ulinichekesha. Sasa sikujua nicheke au nikimbie.

Kazi yangu ilikuwa kusafisha ule mfuko wa nyuzi. Kila siku niliukuta na utando mweupe, laini kama sufi. Ilinichukua wiki nzima kuelewa kwamba ile ilikuwa kanzu yenyewe, inayeyuka kidogo kidogo. Nikiianika kambani niliona migomba kupitia kitambaa.

Likizo iliyofuata eda ilikuwa imeisha, na Baba alikuja kumchukua Bibi aje kuishi nasi Kibaha. Walikuwa wamekubaliana tangu matanga. Bibi alikuwa na miguu mibovu na asingebaki mwenyewe. Lakini alipoambiwa gari litakuja Jumapili, alitikisa kichwa.

"Nikiondoka, nani atamkaribisha?"

"Nani, mama?"

"Baba yako. Atasimama nje hapo mpaka lini?"

Baba hakuwa mtu wa kubishana na mama yake. Siku ile ile, akibeba ndoo ya kujazia mashine, Bibi aliteleza kwenye sabuni akaanguka. Nilimkuta amelala ubavu, maji yamemlowesha kanga, hawezi kuinuka na wala haiti mtu. Alikuwa anatazama mashine. "Nisaidie haraka," alisema, "saa zinakwenda." Goti lilivimba kama fenesi. Nikajua, kwa akili yangu ya miaka kumi na moja, kwamba akibaki pale atakufa juu ya ndoo.

Ndani ya mfuko uliofungwa nyuma ya mashine kulikuwa na kitabu cha maelekezo. Nilikisoma chote, maana sikuweza kuacha karatasi yenye maandishi. Kilikuwa na mchoro wa mashine iliyoinama, umepigwa alama ya mkasi, na karibu yake mashine iliyosimama sawa. Miguu yote minne ikanyage, kilisema. Nguo moja nzito isifuliwe peke yake.

Jumamosi, Bibi akiwa anaswali, nililala kifudifudi nikachungulia chini. Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa unaning'inia juu ya ufa. Nikaubana kwa kipande cha tairi, nikatikisa pembe zote, mashine haikucheza. Ndani, kando ya kanzu, nikaongeza taulo mbili upande wa pili.

Bibi akatoka na tasbihi mkononi, akakaa kwenye kigoda. Maji yakatoka. Pipa likazunguka, likaongeza kasi, likavuma vizuri mpaka mwisho. Halikugusa popote. Bibi alikuwa ameinua uso kidogo, kama mtu anayesikiliza adhana ya mbali. Mashine ikazima. Alibaki hivyo mpaka kivuli cha jiko kikafika miguuni pake.

"Basi," alisema. Akaenda kufunga nguo zake.

Miezi kadhaa baadaye nilikwenda na Baba kuchukua vitu vilivyobaki. Mashine tulikuwa tumeiacha stoo, imechomolewa, na nyumba yenyewe ilikuwa imekatwa umeme. Baba akiwa anapakia kabati, nilikwenda kumwamkia yule jirani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Shoga yangu hajambo? Mwambie arudi. Mmemwacha mzee wa watu mwenyewe. Kila saa kumi anagonga, hakuna wa kumkaribisha. Juzi nikamwitikia mimi, nikaona haya. Siyo mume wangu."

Hakuwa anacheka. Labda alimkumbuka tu mwenzake na alitafuta neno la kumrudisha. Labda ni bati lililolegea, na pepo za mchana pale ni kali. Sikuuliza. Nimeuliza watu maswali mengi tangu wakati huo, lile moja sikulijaribu.

Tulirudi Kibaha jua likizama. Bibi alikuwa amekaa barazani akitusubiri. Alimpita Baba kwa macho, akanitazama mimi.

"Mke mwenza, kuna mtu ameniulizia huko?"

Nilijua nikisema ndiyo, kesho angekuwa Masaki na ndoo mkononi.

"Hakuna, Bibi."

Aliitika kwa kichwa, hakuniuliza tena maisha yake yote. Tulimzika hapa Kibaha miaka mitatu baadaye. Nyumba ya Masaki ilianguka masika moja, mlango wa bati ukachukuliwa na mtu, ua ukawa shamba la mihogo la watu wasiotujua. Jirani naye hayupo. Babu amelala huko, Bibi huku, na kati yao kuna njia ndefu niliyowawekea mimi.