Kurasa Tatu za Salamu

Watu huniuliza, hasa kwenye harusi, ni kitu gani tunachokitafuta kwa mwandishi mpya wa filamu. Wanadhani nitasema kipaji. Kipaji kimejaa Maskati nzima. Mtaa wa Mabela peke yake, kila nyumba ina mtu mwenye mswada kwenye kompyuta yake. Kazi yangu ni umeneja wa waandishi: nasoma miswada, nachagua wachache, nawanoa, kisha nawapeleka kwa watayarishaji na kuwapigania. Ninachokitafuta ni mhusika anayetaka kitu, na mwandishi anayekubali kurekebishwa. Nalisema hili kwa ukali kidogo, maana nimesoma mengi ya kuchosha.

Na kinachonichosha kuliko vyote ni salamu. Sisi wenye asili ya Unguja tukiandika filamu, mgeni haishi kuingia ndani. Ataulizwa hali, ataulizwa wazee, watoto, mkwe, mkwe anaumwa nini, na dawa je, anakunywa? Halwa inaletwa, kahawa inamiminwa, na mtazamaji keshahamia chaneli nyingine. Kalamu yangu huzifyeka bila huruma.

Mwaka jana alinijia binti mmoja wa Al Amerat, mfanyakazi wa benki. Alikuwa akipita ofisini kwangu baada ya kazi, kabla hajaingia kwenye foleni ya kuvuka mlima kurudi kwake. Alinieleza mapema, bila kujililia, kwamba amemwahidi mumewe: nikimkataa mimi, basi, anaacha kuandika. Nami msimu ule nilikuwa na nafasi ya mwandishi mpya mmoja tu.

Mswada wake ulinishika. Mwanamke kampa dada yake mkubwa, asiyejaliwa kuzaa, mtoto wake mchanga amlee, kama watu wetu walivyozoea kufanya. Miaka inapita, moyo unamshinda, anakwenda kumtaka mwanawe. Anafika, anakaribishwa, anakaa, mtoto mwenyewe anamimina kahawa, na salamu zinaanza. Kurasa tatu nzima. Kisha anaaga na kuondoka, hajalitamka lililompeleka. Nilizifyeka zote tatu, nikaandika pembeni: aseme anachotaka.

Binti akaitikia inshallah, kwa adabu zote. Wiki iliyofuata akaleta kile nilichoagiza. Mama anaingia, anasema nimekuja kumchukua mwanangu, dada anakataa, wote wanalia. Ilikuwa fupi, safi, na haina uhai. Nilimwonea huruma, maana nilishaanza kumpenda. Lakini mwandishi anayetii kila neno hafiki mbali. Watayarishaji watamkanda kama unga wa chapati. Nilikuwa nikitafuta maneno laini ya kumkatalia alipofungua mkoba, akatoa zile kurasa tatu nilizozifyeka na kuziweka mezani.

“Shangazi, nimefanya ulivyotaka kwa heshima yako,” alisema. “Lakini hizi sizitoi. Ukizikataa, niwie radhi, nnarudi zangu nyumbani.”

Nikamuuliza mtazamaji atafaidika nini na maumivu ya magoti ya mkwe wa mtu. Badala ya kunijibu aliniomba tuzisome kwa sauti, mimi mgeni, yeye mwenyeji.

Tukasoma. Nikauliza hali ya shemeji, nikauliza mitende, nikauliza mvua. Kila swali lilinisogeza karibu na lile moja, na kila nilipolikaribia, mwenyeji aliniwahi na lake, akinisukumia halwa, akinihimiza nile. Ndipo nikaelewa kwamba anajua vizuri nilichokifuata, na ananiziba mdomo kwa ukarimu. Akufukuzaye hakwambii toka. Kwenye ukurasa wa tatu nilitakiwa kuuliza, “Na mtoto, anakula vizuri?” Nililiuliza, kisha nikaifunika kalamu yangu.

Alikuwa amekubali kurekebishwa kote kwingine, na hapa amesimama, tena akijua anachoweza kukipoteza. Nikamwambia nafasi ni yake, ampigie mumewe. Alijifuta macho kwa ncha ya shela, akacheka, akaanza kukusanya karatasi zake kwa haraka, labda akiogopa nisije nikabadili mawazo.

Nikamuuliza ameyajuaje haya, na umri wake ule.

“Mimi ndiye niliyekuwa nikimimina kahawa,” alisema.

Kisha nikauliza kama mama yake aliyemzaa bado yu hai. Yu hai, alisema, yuko Qurayyat, na kila sikukuu yeye humpelekea watoto wakamsalimie.

“Huniuliza kama nnakula vizuri,” alisema. “Nami humjibu, nnakula, mama mdogo.”