Mke Wangu na Mtihani wa Kuinuka Kitini

Sogeeni jamani. Mliosimama mkae, mliokaa msiegemee sana, na wewe mwenye kahawa iweke chini kabisa, maana ukicheka utaunguza mapaja halafu unitafute mimi. Mtacheka tu. Hata mimi nacheka. Ila moyoni bado panawaka, maana mtu akiuzwa na adui yake anapona, akiuzwa na anayempikia ugali, hapo kuna kazi.

Shamba langu hapa Handeni mnalijua, lile la mahindi na mbaazi. Nimelima pale tangu miti yote mnayoiona ilikuwa fimbo. Sasa mwanangu wa kwanza, huyu anayekaa Korogwe mjini, akaanza maneno: "Baba umechoka, njoo ukae kwangu." Nikakae barazani kama gunia la mkaa, kazi yangu kuulizwa kama nimeshakula? Nikakataa.

Ndipo wakaja watu wa utafiti pale zahanati. Wanataka kujua nguvu za mzee zinapotelea wapi: kwa nini huyu anapanda mlima wa Dindira na rika lake hawezi kuinuka kwenye mkeka. Walisema wazi ndiyo kwanza wanaanza, dawa hawana, majibu hawana, wanaomba sisi wazee tuwasaidie tukapimwe. Mwanangu akadakia.

"Nenda baba. Ukionekana una nguvu, habari za Korogwe sitazitaja tena. Ukionekana huna, nakuja na gari."

Nikakubali. Mimi shule sikukanyaga hata uani kwake, kwa hiyo huo ndio ulikuwa mtihani wangu wa kwanza, na niliusomea. Wiki nzima nilimeza mayai mabichi kama kenge, mpaka kuku wa kijiji wakiniona wanabana mikia. Kila asubuhi nikawa nainuka na kukaa kwenye kigoda mara mia nne. Kigoda kikaomba likizo. Mke wangu anapita na jembe begani, ananitazama, anakwenda zake shamba. Mimi nikajua ananiombea dua.

Sasa, walisema kila mzee aje na mtu anayeishi naye. Nikaenda na huyo huyo mke wangu. Miaka arobaini na kitu tunalala mkeka mmoja, nani mwingine angenilinda?

Mpimaji alikuwa binti mpole. "Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Andika kabisa hapo, huyu ni simba."

Akanisomea karatasi. Akasema nina ruhusa ya kukataa, na pia hapa hakuna kufaulu wala kufeli. Nikamwambia hayo akawaambie waliofeli. Nikabonyeza dole gumba kwenye karatasi.

Akauliza huwa natembea mpaka wapi. Nikasema, "Juzi tu nilikwenda Magoma kwa miguu, nikarudi chai yangu bado ya moto."

Binti akamgeukia mke wangu. "Bibi, ni kweli?"

Mke wangu akatengeneza kanga yake taratibu. "Magoma gani? Alifika dukani. Kwa bodaboda. Na kushuka alishushwa."

Kwenye benchi watu wakaanza kukohoa, vile vikohozi vya kuficha kicheko.

"Na shambani, bibi?"

"Shambani analima kwa mdomo. Anakaa kivulini ananiambia mstari umepinda. Mwezi uliopita kaanguka mara mbili. Viatu namvalisha mimi."

Nikamkanyaga chini ya meza. Akasema, "Na huu anaonikanyagia ndio mguu wenyewe mbovu."

Ikaja zamu ya kiti. Unakunja mikono kifuani, unainuka na kukaa mara tano. Ya kwanza, safi. Ya pili, goti likalia kama mlango wa ghala. Ya tatu, mikono ikafunguka yenyewe ikamkamata binti bega. Akasema polepole, "Inatosha babu, pumzika."

Mlangoni mwanangu amesimama, kaja na gari hata kabla ya majibu, na ameona yote. Hakucheka. Hiyo ndiyo iliniuma. Angecheka, ningejua bado nina shamba.

Binti akasema wanawapima na wenza pia. Mke wangu akavua kandambili, akainuka mara tano binti hata hajamaliza kuhesabu. Akapewa kile chuma cha kubana kwa kiganja, kinachoonyesha nguvu za mkono. Alikibana mpaka binti akakigeuza huku na huku kuangalia kama kimepona.

Tulipotoka nje nikamwambia, "Mama watoto, umeniuza. Mchana kweupe."

"Mtoto wa watu kaomba ukweli ili wazee wasaidiwe," akasema. "Ningesema uongo wangetengeneza dawa ya simba."

Nikajipoza na moja tu: angalau adhabu tunakwenda kuila wote. Nikamwambia, "Sawa. Tutakaa wote kwenye hiyo baraza ya Korogwe, na wewe ndiye utakayeichoka kwanza."

Mwanangu akafungua mlango wa gari. "Haya, pandeni tukachukue mizigo yenu."

Mke wangu hata hakugeuka, ameshashika njia ya shamba.

"Yetu na nani? Anaenda yeye. Mimi nimefaulu."