Siku Tuliyompandisha Mkuu Mlimani

Kwa miaka arobaini na miwili niliiona ile milima kila asubuhi nilipofungua mlango wa nyuma, na sikuwahi hata mara moja kutamani kuipanda. Sisi wa Ndandalo, huku Kyela, ni watu wa tambarare. Tuna mpunga, kokoa, migomba, na maji yanayoingia mpaka uvunguni mwa kitanda mvua zikikolea. Milima ilikuwa ya Wakinga wanaoishi juu kwenye baridi, na ya wale waliokuwa na jambo la kufuata kwao. Mtu alipanda, akafanya alilolifuata, akashuka. Kupanda ili uone maua lilikuwa wazo la mtu asiye na shamba.

Basi mtu asiye na shamba akaja. Aliletwa ofisini kwetu Kyela mjini kuwa mkuu wa idara, akitokea Dar es Salaam: mwanaume wa miaka hamsini hivi, mwenye kitambi cha kutunzwa na sauti ya mtu aliyezoea kipaza sauti. Mimi nilikuwa masjala, natunza mafaili, pamoja na mwanamke mwenzangu mmoja wa Tanga, mama wa Kiislamu aliyekuwa amehamishwa vituo vitano na hakushangazwa tena na bosi wa aina yoyote. Wiki ya kwanza mkuu alitueleza kwamba amepanda Kilimanjaro. Wiki ya pili akatueleza tena. Kufikia mwezi wa tatu nilikuwa naijua Kilimanjaro kuliko watu wa Moshi.

Mwanzoni mwa Desemba, mvua zikiwa na wiki mbili tu, mtu fulani alimwonyesha picha ya mgongo wa mlima juu ya Matema ukiwa umejaa maua. Siku hiyohiyo akaandika kwenye kundi la ofisi: Jumamosi, matembezi ya afya kwa watumishi wote, kwenda kuona maua ya kwanza ya msimu. Watu kumi na mmoja walijibu kwa dole gumba. Mimi nilijibu kwa sababu nilikuwa nasubiri anisainie likizo. Mwenzangu wa Tanga alijibu, alivyosema mwenyewe, kwa kuwa hajawahi kumwona bosi akipanda kitu kisicho na ngazi.

Nilimweleza mama yangu, aliyekuwa akianika kokoa uani.

"Huko juu kuna msiba?" akauliza.

"Hapana, mama. Tunakwenda kutazama maua."

"Maua gani?"

"Ya porini."

Akanyoosha kidole kwenye magugu yaliyochanua kando ya choo. "Hayo hapo. Yatazame, ukimaliza uje unisaidie kugeuza kokoa."

Jumamosi alfajiri, kati ya wale kumi na mmoja, tulijitokeza wawili. Mmoja alikuwa na harusi, mwingine tumbo, na waliobaki walizima simu kama watu wazima. Mkuu hakujali. Alishuka kwenye gari pale Matema, ufukweni mwa ziwa, akiwa na viatu vipya vya kupandia mlima, fimbo mbili za chuma za kukunjwa, kofia iliyofungwa kamba kidevuni, na mkoba mgongoni wenye mrija wa kunyonyea maji bila kusimama. Alitupanga mchangani, ziwa nyuma yetu, akatufundisha kupumua.

"Vuta kwa pua, toa kwa mdomo," alisema.

Mwenzangu wa Tanga akanong'ona, "Miaka yote hii kumbe nilikuwa nabahatisha."

Mwenye nyumba ya wageni tulipoacha gari alimshauri kwa adabu achukue mwenyeji, maana njia zinagawanyika huko juu na msimu huu ukungu hauna saa. Mkuu akampungia simu usoni. "Mwenyeji wangu yumo humu."

Mimi nilikuwa nimevaa raba za shule za binti yangu. Nilizivaa makusudi, ili aone kwamba sisi wenyeji hatuhitaji vifaa vya maonyesho. Kwa hiyo nisijifanye kwamba siku ile upuuzi ulikuwa wa mtu mmoja.

Njia ya Matema haikupi nafasi ya kuizoea. Unaacha migomba, unavuka kijito, na hapohapo mlima unakusimamia puani. Nusu saa ya kwanza mkuu alizungumza. Nusu saa ya pili alizungumza kwa vipande. Baadaye zilibaki fimbo peke yake, zikigonga mawe, ko, ko, na kila tulipopinda kona alisimama "kupima njia", yaani kushika kiuno na kuitazama simu.

Katika kona mojawapo alitupita mama mmoja wa Kikisi, wale wafinyanzi wa kando ya ziwa, akiwa na vyungu vinne kichwani, vimefungwa kwenye wavu wa kamba. Alikuwa amenizidi umri kwa miaka kumi au zaidi, na alikuwa peku. Nikamwamkia kwa Kinyakyusa, "Mugonile, mama," akaitikia, "Ndaga," bila kupunguza mwendo. Alikuwa anapeleka vyungu kwa Wakinga abadilishane na viazi, na alitaka kushuka siku hiyohiyo.

Mkuu akamtolea simu. "Mama, simama hapo kidogo nikupige picha. Hivyohivyo, na mzigo."

Yule mama akasimama, akamtazama kuanzia kofia mpaka viatu. "Wewe umebeba nini huko juu?"

"Mimi? Sijabeba kitu. Natembea tu."

"Natembea tu," mama akarudia, taratibu, kama mtu anayesikia jina la ugonjwa kwa mara ya kwanza. Akanigeukia mimi, akanionyesha kwa kidole jabali lililochomoza juu yetu. "Wingu likishuka kwenye lile jabali, msikae. Geuzeni." Akaenda zake, na picha haikupigwa.

"Watu wa huku," mkuu akasema, "hawajaelewa bado maana ya utalii wa ndani."

Mwenzangu alinibana mkono, maana mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka.

Tulifika kwenye mgongo wa mlima kama saa sita. Nilikuwa nimejiandaa kutoona cha maana. Niliyaona maua na nikakasirika, kwa sababu picha haikuwa imesema uongo. Majani yalikuwa mafupi, ya kijani kibichi cha mvua mpya, na ndani yake yamesimama maua mekundu yenye ncha za njano, marefu kama bua la mtama. Chini yake meupe madogo yaliyotapakaa kama unga uliomwagika. Na mengine ya zambarau, yenye mdomo ulioning'inia, ambayo Wakinga huchimba viazi vyake na kuvipika. Upande mmoja mlima ulikatika moja kwa moja kuelekea ziwani. Kule chini niliona tambarare yetu yote, toka bandari ya Itungi mpaka mbali, mashamba ya mpunga yaking'aa, na nikatafuta Ndandalo nisiione. Maisha yangu yote, na hayakutosha hata kuwa doa.

Mwenzangu alitandika kanga, akaswali adhuhuri. Mimi nilikaa kimya, nikashukuru kwamba hakuna aliyekuwa akinitazama usoni.

Mkuu hakukaa kimya. Alilala chali juu ya maua ili apigwe picha. Alipiga magoti katikati ya maua. Alichuma mekundu matatu akayashika kifuani kama bwana harusi. Kisha, baada ya kurekodi maneno marefu kuhusu kutunza uoto wa asili, alichomoa kisu kidogo akaanza kuchimba lile la zambarau ili akalipande nyumbani kwake.

"Mkuu," nikasema, "chini kwetu kuna joto. Litakufa."

"Nitalimwagilia."

Ndipo nilipotazama jabali na kukuta halipo. Wingu lilikuwa limelifunika, na kabla mwenzangu hajamaliza kukunja kanga, ukungu ulitufikia. Tukageuka kurudi. Simu ya mkuu ilizungusha kiduara chake na kukizungusha tena, halafu ikatuonyesha tumesimama katikati ya ziwa.

Palikuwa na sehemu, kama hatua thelathini, ambapo mgongo unakuwa mwembamba. Wakati wa kuja tulikuwa tumeipita tukizungumza. Sasa mvua ilikuwa imeanza, jiwe linateleza, na ukungu ulipopasuka kidogo ulionyesha ziwa chini kabisa, kati ya miguu. Mwenzangu alivuka. Soli ya raba yangu ya kulia ilibanduka hapohapo, ikawa inapiga makofi kila nilipoinua mguu, lakini nilivuka nusu. Nilipogeuka, mkuu alikuwa ameketi. Fimbo moja ilikuwa imeshatangulia ziwani. Mikono yake miwili ilikuwa imeshika majani.

"Twende, mkuu."

"Siwezi."

"Wewe wa Kilimanjaro?" Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, nikaona raha kweli, miezi mitatu ya raha kwa mkupuo mmoja. "Vuta kwa pua, mkuu. Toa kwa mdomo."

Alikuwa anatetemeka mpaka kofia inacheza. Halafu akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Dada, sijapanda. Nilifika getini tu. Nilisindikiza wageni, nikaishia getini."

Kicheko kikanikauka. Nilimdharau bado, sitasema vinginevyo. Nilimdharau zaidi, kwa miezi yote niliyosikilizishwa habari za geti. Lakini nilirudi, nikakaa nyuma yake kwenye tope, nikamshika mkanda wa mkoba, kwa sababu mtu mzima alikuwa analia na hapakuwa na mwingine.

Tulikaa hivyo muda mrefu, tukilowa, mwenzangu akituita kutoka ng'ambo ili tusisinzie. Aliyetutoa ni yule mama wa Kikisi. Alitokea nyuma yetu kwenye ukungu, wavu wake sasa una viazi. Alitua mzigo, akafungua kitenge cha kiunoni, akamzungushia mkuu kifuani na kukifunga fundo.

"Geuka, utazame mlima," alimwambia. "Usitazame maji. Shuka kama mtoto anavyoshuka kitandani, kinyumenyume."

Mkuu wa idara alivuka kwa magoti na mikono, makalio mbele, yule mama ameshika kitenge upande mmoja, mimi na soli yangu inayopiga makofi upande wa pili. Mama akarudi kuchukua viazi vyake, kisha akatuongoza mpaka kwenye migomba. Mkuu alimshukuru mara nyingi. Mimi nilimwambia, "Ndaga fijo, mama," akanijibu kwamba kitenge chake nikifue kabla ya kukirudisha.

Jumatatu kulikuwa na kikao cha asubuhi. Mkuu alionyesha picha. Aliwaeleza wale tisa wenye harusi na matumbo jinsi hali ya hewa ilivyobadilika ghafla, jinsi "akina mama wetu wawili wa masjala" walivyopatwa na hofu kwenye sehemu nyembamba, na jinsi uzoefu wake wa Kilimanjaro ulivyosaidia. Watu wakapiga makofi. Mwenzangu wa Tanga alinitazama, akisubiri. Chumba kizima kingekuwa changu kwa neno moja tu, geti.

Sikulisema. Mpaka leo sijui vizuri kwa nini. Si huruma, huruma yangu kwake ilikwisha aliposema "hofu". Nadhani ni kwamba nilikuwa nimeshamcheka wakati ule alipokuwa ameshika majani, na kicheko kile kilikuwa kimenitosha, kilinikaa vibaya tumboni. Nilimtazama tu. Alishusha macho kwenye karatasi, na siku hiyo kikao kilikuwa kifupi. Likizo yangu ilisainiwa kabla ya mchana.

Alihamishwa mwaka uliofuata. Kule alikokwenda, sina shaka, amepanda Kilimanjaro na Matema. Ua lake la zambarau lilikufa ndani ya wiki moja, kwenye kopo la rangi nje ya ofisi.

Mimi napanda kila Desemba sasa. Naenda peke yangu, au na yule mama kama siku zetu zimegongana, na nimenunua viatu, vile vya kufunga mpaka juu ya kifundo. Naviweka kwenye mfuko wa mbolea mpaka nipite nyumba ya mwisho, maana siwezi kuvumilia mtu wa Kyela anione nimevaa hivyo, aniulize ninakokwenda, nami nimjibu kwamba nakwenda kutazama maua.