Miaka Minane ya Kushona Jina la Hallenbeck

Saa mbili asubuhi, Jumamosi ya mwisho ya Septemba, Loretta Pasek tayari ana miwani mbili: moja puani, nyingine utosini. Ameinamia mgongo wa jezi ya buluu, cherehani inanguruma. Kidole gumba cha mkono wake wa kulia kimefungwa plasta. Kila akimaliza herufi moja anakikunja na kukikunjua, anakitazama kwa jicho la msimamizi aliyemfuma kibarua amelala, kisha anaendelea.

Duka lake ni chumba kimoja Mtaa wa Clinton, Kaisertown, upande wa mashariki wa Buffalo, kati ya muuza soseji na kinyozi. Wafuachuma, timu ya besiboli ya mji huu, wakicheza nyumbani, foleni huanza kabla kahawa haijachemka. Kazi yake ni kushona majina migongoni mwa jezi za mashabiki. Dola sita kwa herufi, uzi anatoa yeye.

"Jina moja ndilo lililonifungulia duka hili," anasema mama huyo mwenye umri wa miaka 61, "na jina hilohilo nusura linifungie."

Jina lenyewe ni Hallenbeck. Herufi kumi, dola sitini kamili.

Corey Hallenbeck alikuja mwezi wa Desemba, miaka minane iliyopita, akiwa mchezaji huru. Mkataba wake wa zamani ulikuwa umekwisha na timu yoyote yenye fedha ingeweza kumchukua. Wafuachuma wakampa dola milioni 168 kwa miaka minane. Mji ambao watu wake hukata kuponi magazetini ili wapunguziwe bei ya maziwa ulishangilia utadhani fedha zile wamegawiwa wao.

Wakati huo Loretta alikuwa hana mbele wala nyuma. Kiwanda cha suti alichokitumikia miaka 22 kilikuwa kimefungwa, na alikuwa akishona kwenye kona ya duka la mtu mwingine. Foleni ya jina la Hallenbeck ikatoka nje, ikasimama kwenye theluji. Kufikia Aprili alikuwa amelishona mara 1,140.

"Nikajiambia, mtu aliyejifunga miaka minane haondoki kesho," anakumbuka. "Nikaenda kwa Mzee Gus nikapanga chumba hiki, miaka minane vilevile. Watu wakaniuliza, Loretta, una wazimu? Nikawajibu, kamuulizeni Hallenbeck."

Miaka miwili ya kwanza ilikuwa asali. Hallenbeck aligonga mpira ukatoka nje ya uwanja mara 41, mwaka uliofuata mara 38, na Oktoba hiyo ya pili Wafuachuma wakafika fainali kwa mara ya kwanza baada ya miaka 29. Walishindwa, lakini walifika.

Hapo ndipo Loretta alipofanya kosa ambalo mshona jezi peke yake anaweza kulifanya. Majira ya baridi yaliyofuata alikata seti mia nne za jina lile mapema, herufi elfu nne za kitambaa cheupe, ili msimu usimkute mikono mitupu. Mwezi Machi nyonga ya Hallenbeck ikaharibika. Alipasuliwa mara mbili na hakuwa tena yule yule.

Mtaani hakuna aliyemcheka, maana nusu ya mtaa ilikuwa imenunua jezi kwa hesabu hiyohiyo. Mchezaji wa mkataba wa miaka miwili anaweza kuuzwa, jezi yake ikaishia kufutia gari. Wa miaka minane ni mali ya kumrithisha mtoto, au ndivyo walivyodhani.

Wateja wakaanza kurudi, safari hii kwa kufumua. Dola kumi na tano. Loretta akaweka sharti: unaacha jezi, unakwenda zako, na baada ya siku tatu ukirudi na nia ileile, anafumua. Kwa hesabu yake, wawili kati ya kila watano hurudi wakiwa wameghairi.

"Mtu akishindwa Jumapili anataka kumfukuza hata mbwa wake," anasema. "Ikifika Jumatano anamnunulia mfupa."

Leo, hata hivyo, si jezi za wateja zinazomuumiza kichwa. Mkataba wake wa pango unakaribia kuisha. Mwenye nyumba, Mzee Gus Petrakis, anakuja saa sita mchana kuchukua jibu. Anataka miaka minane mingine, na kodi ipande kutoka dola 900 kwa mwezi hadi 1,250.

Msimu ukiwa mzuri, Loretta hubakiwa na kama dola 2,900 kwa mwezi akishalipa pango. Januari na Februari hazifiki elfu moja. Na kidole gumba kina baridi yabisi. Daktari amemwambia waziwazi kwamba ana miaka minne mizuri, mitano akibahatika.

Binti yake, Renee, ambaye ni muuguzi, amekuwa akimpigia simu tangu alfajiri.

"Mama, usisaini. Utakuwa na miaka sitini na tisa! Utakuwa kama Wafuachuma na Hallenbeck wao, unalipia kitu ambacho hakichezi."

"Naogopa, sifichi," anakiri Loretta baada ya kukata simu. "Nisiposaini nitashonea jikoni kwangu, na nani atapanda ngazi za ghorofa tatu kwa ajili ya jina? Nikisaini na mkono ukakataa, akiba yangu yote italiwa na chumba kitupu."

Saa tano kasoro mlango unafunguka. Ni Duane Ostrowe, fundi bomba, ambaye jezi yake imelala hapa tangu Jumatano.

"Siku tatu zimeisha, Mama Loretta. Fumua."

"Umefikiri lakini?"

"Nimefikiri mpaka mke wangu kanihamisha chumba! Milioni mia moja sitini na nane, kwa miaka miwili! Sita yote iliyobaki mtu yuko benchi anatafuna mbegu za alizeti."

"Na ile miwili je?"

Duane anakuna shingo.

"Ile miwili… Ile Oktoba nilimbeba baba mabegani hapo nje, mzee wa kilo tisini, anaimba kama amelewa na hajaonja hata bia. Mgongo wangu haujapona mpaka leo. Yeye mwenyewe alifariki Februari." "Hiyo sijui niipigie hesabu gani."

"Basi tuiache jezi ilivyo."

"Wee! Fumua bwana. Amekwisha yule. Nishonee Tavarez."

Tavarez ana miaka 23, na mwaka huu ndiye anayewainua watu vitini.

"Tena wampe miaka kumi na moja sasa hivi, kabla hawajatuwahi wengine," anaongeza Duane.

Kiwembe cha kufumulia kinamponyoka Loretta. "Kumi na moja? Duane, una akili wewe? Miaka sita unakuja kunililia hapa kwa sababu ya minane!"

"Kwani nililia urefu? Walikosea kuupanga! Mwaka wa kwanza, mtu anagonga mipira inatoka nje kila wiki, wanampa milioni kumi na nne. Kila mwaka wanaongeza mbili. Mwaka huu wa benchi anakula ishirini na nane! Sasa mama yangu, bomba unalilipia lini? Si wakati maji yanatoka? Wao wamengoja likauke ndio wakafungua pochi."

Loretta anakiokota kiwembe, anafumua herufi zote kumi, huku midomo ikicheza kama mtu anayejumlisha. Duane anamuuliza mara mbili kama amemkasirikia.

Saa sita, Mzee Gus anaingia na kofia mkononi na karatasi kwapani. Ana miaka 74 na besiboli anaijua kuliko kodi zake.

"Haya, Loretta binti yangu. Tunasaini au tunaagana?"

"Tunasaini. Lakini si hivyo ulivyoandika. Miaka minne ya kwanza nakulipa elfu moja na mia tano kila mwezi. Minne ya mwisho, elfu moja."

Mzee anahesabu kwa vidole, anarudia. Jumla ni ileile, dola 120,000, hakuna senti iliyopotea.

"Nani kakufundisha ujanja huu?"

"Wafuachuma, Mzee. Wao walilipa kidogo mwanaume akiwa mzima, wakalipa nyingi akiwa mgonjwa. Mimi nalipa nyingi kidole kikiwa kizima."

Mzee Gus anaangua kicheko mpaka anashika kaunta. "Na mimi mwaka wa nane nitakuwa na themanini na mbili, kama Mungu akipenda. Hela ya mwanzo ndiyo nitakayoila na meno yangu mwenyewe. Lete kalamu!"

Wanasaini juu ya meza ya kukatia vitambaa. Loretta anapumua kwa nguvu, macho yamelowa, na haoni haya kuyafuta.

Gazeti hili lilipomuuliza kama mkataba wa Hallenbeck ulistahili fedha zile, alikikunja kwanza kidole gumba na kukikunjua.

"Kwa wenye timu sijui, hawajawahi kuniletea hesabu zao," alisema. "Mimi nilikuwa sina kazi, nikapata duka, nimekaa miaka minane. Kijana wa watu alivunjika nyonga akituchezea sisi. Akipita hapa, nitamshonea bure."

Mipango anayo. Miaka hii minne atafungua Jumapili pia, na atamtafuta mshonaji wa pili amfundishe kabla mkono haujachoka. Seti za Tavarez ataanza kuzikata Januari. "Hamsini tu," anasema huku akicheka. "Si mia nne. Nimekoma."

Jioni Renee anapiga simu tena. Loretta anaiweka simu kwenye spika, kwa kuwa mikono iko kazini.

"Mama, umesaini? Haya, mwaka wa nane je, ukiwa huwezi hata kutunga uzi? Watu watasema nini?"

"Watasema Loretta amekwisha," anajibu, akikanyaga cherehani. "Waseme tu, mwanangu. Kiti changu cha benchi nitakuwa nimeshakilipia sehemu kubwa."