Mjusi wa Mwamba wa Udaga

Leo fundi alimwagia maji rundo la kokoto uani kwangu, na ile harufu ya jiwe la moto linapopata maji ikanirudisha kwa bibi, kijijini Mbalibali.

Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na mwamba mpana alipoanikia udaga, mihogo iliyochachushwa. Hapo aliishi mjusi mwenye kichwa chekundu na mwili wa bluu, akitikisa kichwa kama mzee anayeitikia shikamoo. Kazi yangu ilikuwa kufukuza mbuzi na kumtazama mjusi huyo. Akiingia kwenye ufa wake mchana kweupe, bibi alijua mvua inakuja.

"Anua, mjukuu wangu, anua upesi!"

Tulijaza nyungo huku nyayo zikiungua na unga mchachu wa mihogo ukitujaa puani. Mara nyingi mvua ilikuja kweli. Mara nyingine jua liliendelea kuwaka, majirani wakatucheka. Bibi naye alicheka, akakaa juu ya mwamba mtupu na kunivutia pajani.

"Basi alikuwa na usingizi," alisema akiutazama ule ufa, tukaanika upya.

Leo mjusi wa namna ile alipanda juu ya kokoto, akatikisa kichwa, kisha akapenya katikati ya mawe. Nikaanua nguo zote kambani.

"Dada, mbona unaanua na jua lote hili?" fundi akashangaa.

Mpaka jioni halikudondoka hata tone.

"Basi alikuwa na usingizi," nikasema.

"Nani?"

Nilikuwa nimeshaanza kuzianika nguo upya, ingawa zilikuwa zimekauka.